Mchoraji aliyeezeka paa ugenini

MSOMAJI, bila shaka umewahi kuhama nyumba. Unaikumbuka siku ile: godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba, sufuria zimepangwa ndani ya karai, jiko limetiwa kwenye gunia, na mwenye mkokoteni anakuhimiza kwa sababu ana mzigo wa mtu mwingine wa kubeba kabla ya giza kuingia. Unafika mtaa mgeni. Funguo unazo na kodi ya mwezi wa kwanza umelipa. Lakini usiku ule unalala macho ukisikiliza mlango wa jirani, mbwa asiyekufahamu, na maji yanayotiririka kwenye bomba usilojua liko upande gani. Nyumba ni yako kwa mujibu wa risiti, ila moyo bado haujahamia.

Siku ya tatu au ya nne, jirani anakuuliza swali ambalo kila mkazi wa miji yetu amewahi kuulizwa: "Kwenu ni wapi?" Nawe, hata kama umeishi Nairobi miaka ishirini, unamtajia kijiji. Watoto wako waliozaliwa papa hapa jijini, na ambao hukiona kijiji hicho wakati wa Krismasi pekee, nao wamejifunza kujibu hivyo hivyo.

Swali hili si la mzaha. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Wengi wao walikuwa wameambiwa warudi "kwao", ilhali pale walipokuwa ndipo walipolima, walipozaa na walipozika. Basi ni jambo la maana kujiuliza: ni kitu gani hasa humfanya mtu awe na kwao mahali ambapo hakuzaliwa?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii tunaitumia kumsimanga mgeni mvivu. Hata hivyo, ukiichunguza utaona ina maana nyingine. Kinachomtoa mtu katika ugeni si hesabu ya siku alizokaa. Ni jembe. Akishalitia udongoni, mahali pale panaanza kumjua, naye anaanza kupajua.

Leo ningependa tulitazame jambo hili kupitia maisha ya mtu ambaye jembe lake lilikuwa brashi ya rangi. Jina lake ni Elimo Njau.

Mwana wa mlimani

Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Aliyewahi kufika Marangu anajua ni mahali pa namna gani. Migomba imesongamana, kahawa imejificha chini ya kivuli chake, na mifereji iliyochimbwa na mababu wa Wachaga inateremsha maji kutoka msituni hadi mashambani. Mawingu yakikubali kufunguka, juu kabisa unaiona theluji ya Kibo.

Katika miaka ya 50, Njau alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Kampala. Shule ya sanaa ya chuo hicho ilikuwa imeanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell, ambaye aliwahimiza wanafunzi wake kuchora maisha waliyoyajua wao wenyewe badala ya kuiga picha za Ulaya. Siku hizo Makerere ilikuwa kama chungu kimoja kilichowapika vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja. Rebeka, mzaliwa wa Kanyariri katika wilaya ya Kiambu ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake, naye alisoma hapo. Huyu ndiye Rebeka Njau, mwandishi wa riwaya ya Ripples in the Pool iliyotoka mwaka 1975.

Fundisho la Njau ambalo watu wengi hulikumbuka hadi leo linahusu kuiga. Alishikilia kwamba msanii hafai kunakili, kwa sababu kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Yaani Muumba amekupa macho yako mwenyewe, na ukiazima ya mwingine unayafanya yake yasiwe na kazi.

Fundisho hilo ni tamu kulisikia darasani. Lakini hebu fikiria, msomaji, shida inayomkabili mtu mwenye imani hiyo anapovuka mpaka na kuingia nchi ya watu wengine. Hawezi kuchora kwao na kusema ndipo hapa. Hawezi pia kuiga wenyeji wanavyojiona, kwani huko nako ni kunakili. Hana njia ila kukaa chini, kutazama, na kuanza upya kama mtoto. Jaribio hilo lilimkuta Njau mwaka 1959, katika mji wa Murang'a.

Kuta za Murang'a

Ukipanda matatu Nairobi na kuifuata barabara ya Thika, ukapita Thika yenyewe hadi Kenol, kisha ukakata kushoto kupitia Maragua, utafika mji wa Murang'a baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 85. Wakati wa ukoloni mji huo uliitwa Fort Hall, kwa jina la afisa Mwingereza, Francis Hall. Nchi yake ni ya migongo na mabonde: mto, kilima, mto tena, kilima tena, udongo mwekundu, na siku ya hewa safi Mlima Kenya unachungulia kwa mbali.

Katika mji huo limo kanisa la Kianglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Halikujengwa kama makanisa mengine. Lilijengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Kijana Njau, akiwa na umri wa miaka kama 27, ndiye aliyepewa kuta za kanisa hilo azichore.

Tafadhali usipite hapa kwa haraka. Mwaka 1959 hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Mahakama za wakoloni zilikuwa zimewanyonga watu zaidi ya 1,000. Maelfu walikuwa wamepitia kambi za kizuizini. Kuanzia 1954, yapata watu milioni moja walikuwa wametolewa kwenye maboma yao ya migongoni na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Katika familia moja ungeweza kumkuta mwana aliyeingia msituni, mwingine aliyekuwa askari wa serikali, na mama aliyekataa kiapo kwa ajili ya imani yake. Kila nyumba ilikuwa na maiti wake, na kila nyumba ilikuwa na neno lake moyoni ambalo haikulisema hadharani.

Katika hali hiyo anaingia kijana wa Kichaga na mikebe ya rangi. Hakuwa na ndugu aliyeuawa pale. Hakuwa na ndugu aliyeua. Mtu angeweza kumuuliza, na ingekuwa halali: wewe unajua nini juu ya msiba wetu?

Njau alijibu kwa picha tano kubwa za ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, mateso ya Gethsemane, na kusulubiwa. Katika picha hizo Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya migongo na mabonde, nchi ambayo muumini huiona akishatoka mlangoni. Kumbuka kwamba wakati huo picha ambazo watu wengi walizijua ni zile za kuchapwa zilizoletwa na wamisionari, zenye Yesu wa nywele za dhahabu na mandhari ya Ulaya. Hapa Bethlehemu ilikuwa imehamia Murang'a.

Kwa maoni yangu, mgeni huyu aliona kitu ambacho mwenyeji angeshindwa kukiona kwa sababu ya machozi. Wenyeji wenyewe walikuwa wamefanywa wageni katika nchi yao. Walikuwa wametolewa migongoni, na sasa mtu kutoka mlima mwingine alikuwa akiwarudishia migongo yao ukutani. Hakumchora mshindi wala mshindwa wa vita. Alimchora mtu anayeteseka katika nchi yao, na mateso yale kila upande ungeweza kuyatambua.

Inawezekana pia kwamba hakuwa mgeni sana kama alivyoonekana. Aliyekulia kwenye mteremko wa Kilimanjaro anaujua mgomba, anajua maji yanavyoshuka kutoka mlimani, anajua maana ya kuishi chini ya mlima ambao wazee waliuheshimu. Lakini zilikuwepo tofauti vilevile. Huko Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakilima kahawa yao wenyewe na kuiuza kupitia chama chao cha ushirika tangu miaka ya 30. Murang'a, mkulima Mwafrika alikuwa amezuiwa kwa miaka mingi kupanda zao hilo, na kahawa nyingi ilianza kupandwa baada ya mpango wa serikali wa mwaka 1954. Mmea ambao kwa mtoto wa Marangu ulikuwa wa zamani, kwa mtoto wa Murang'a ulikuwa ndoto mpya. Mchoraji anayejali hujifunza kwamba hata majani yanayofanana hayana hadithi moja.

Mnyama, kuruka, na paa la nyumba

Baada ya uhuru, Njau aliweka makao yake Nairobi. Alifanya kazi katika kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na Ezekiel Mphahlele, mwandishi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Tazama mambo yalivyokuwa: mgeni mmoja anafungua mlango, na mgeni mwingine anaingia kuwafundisha wenyeji na wageni wenzake.

Kisha mwaka 1965, Njau pamoja na marafiki, miongoni mwao mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno, walianzisha jumba la sanaa liitwalo Paa ya Paa. Lilianzia katikati ya jiji, katika jengo la Sadler House kwenye barabara ya Koinange, kisha baadaye likahamia Ridgeways, nje kidogo ya jiji kwenye barabara ya Kiambu. Lilikuwa miongoni mwa majumba ya kwanza ya sanaa Afrika Mashariki kuanzishwa na kuendeshwa na Waafrika wenyewe.

Jina hilo lilikusudiwa kumaanisha kwamba paa, yule mnyama mwepesi wa porini, anapaa. Sanaa ya Mwafrika imelala chini kwa muda mrefu, na sasa inainuka. Hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa. Lakini wewe na mimi tunaokijua Kiswahili tunasikia maana ya tatu, na sidhani kama tunakosea kuisikia. Paa ni mnyama, kupaa ni kuruka juu, na paa pia ni la nyumba, lile linalotukinga mvua. Mtu aliyetoka Marangu alikuwa ameezeka paa Nairobi.

Na paa hilo hakuliezeka kwa ajili yake peke yake. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mpangaji na mwenyeji. Mpangaji hufunga mlango jioni akahesabu siku za mwezi. Paa ya Paa palikuwa mahali pa kuonyeshea picha na vinyago, kusoma mashairi, kucheza michezo ya kuigiza na kubishana hadi usiku. Wachoraji chipukizi waliokataliwa kwingine walipata ukuta wa kutundika kazi zao. Watoto walipewa rangi wakaachiwa wachore wanavyoona wenyewe, bila kielelezo cha kunakili.

Haidhuru ulipozaliwa ni wapi, msomaji. Ukishakuwa wewe ndiye unayewakaribisha wengine, ugeni umekwisha.

Mpaka ukafungwa

Usidhani kwamba Njau aliitupa Marangu. Katika miaka ya 60 alianzisha jumba jingine la sanaa huko huko kwao, likaitwa Kibo kwa jina la kile kilele chenye theluji. Alikuwa kama mtu aliyesimama na mguu mmoja kila upande wa mpaka.

Zikaja siku mpaka huo ukawa ukuta. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983. Kwa miaka zaidi ya sita, safari ambayo zamani ilikuwa ya siku moja kati ya Nairobi na Kilimanjaro ikawa suala la serikali mbili. Wafanyabiashara, wanafunzi na familia zilizooana pande zote mbili walijikuta wakitenganishwa na kizuizi cha barabarani. Ajabu ni kwamba siku ya hewa safi kabisa, aliyesimama kwenye vilima vya Ngong huweza kuuona mlima wenyewe ukielea juu ya tambarare. Macho hayaombi pasipoti.

Yatupasa kukumbuka jambo hili tunapozungumzia "kwetu" kana kwamba ni kitu kimoja tu kama jino. Mtu anaweza kuwa na kwao alikozaliwa na kwao alikotia jembe. Serikali ikimlazimisha kuchagua moja, kosa si lake.

Waliohama na mizigo yao

Pengine utasema Njau alikuwa na bahati ya kusoma Makerere. Wako wengine ambao hawakuwa na diploma wala digrii, na ambao waliingia mji mgeni kwa njia tofauti.

Mwaka ule ule wa 1932, kusini mwa Tanganyika katika wilaya ya Tunduru, alizaliwa Edward Saidi Tingatinga. Alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam alikofanya kazi za nyumbani na za bustani, pamoja na vibarua vingine. Mnamo 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za kisanii. Alitumia vipande vya mbao laini za kuezekea dari, na rangi ya mafuta ya aina ile ya kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores katika mtaa wa Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi na kumuua wakimdhania kuwa mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa takribani miaka minne tu, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Alichora nini katika mji ule wa bandari, wenye mabasi na meli? Chui. Tembo. Ndege wa mkia mrefu. Aliubeba mwitu akauingiza mjini.

Jak Katarikawe naye alitoka Kigezi, ile nchi ya vilima ya kusini-magharibi mwa Uganda. Hakupata elimu ya shule. Alikuwa dereva, na ni Profesa David Cook wa Makerere aliyeona michoro yake akamtia moyo. Alihamia Nairobi katika miaka ya 80, akaishi hapa hadi alipofariki dunia mwaka 2018. Katika picha zake za Nairobi utawakuta ng'ombe wenye macho ya upole, wanaopendana kama binadamu, wakiwa katika rangi za ndotoni. Katikati ya moshi wa magari, Kigezi iliendelea kumjia usingizini.

Je, hawa wawili walishindwa kuhamia? La hasha. Tazama zana zao. Tingatinga alikichukua kile ambacho mji ulikuwa nacho, mbao za dari na rangi ya baiskeli, akakitumia kusema habari za kwao. Mwitu ule usingezaliwa bila Dar es Salaam. Wote wawili wanatufundisha kwamba kuhamia mahali hakumtaki mtu avue kumbukumbu kama koti mlangoni. Kinachotakiwa ni kuzifanyia kumbukumbu hizo kazi pale ulipo, kwa kile ulichokikuta, mbele ya watu waliopo.

Usiku wa moto

Mtihani wa kweli wa nyumba ni siku inapobomoka. Mwaka 1997 moto ulizuka Paa ya Paa kule Ridgeways. Uliteketeza jumba pamoja na picha, vinyago na vitabu vilivyokuwa vimekusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi za wasanii wa Afrika Mashariki na kwingineko zilizokuwa zimehifadhiwa pale ziligeuka majivu.

Wakati huo Njau alikuwa na miaka 65. Huo ndio umri ambao wengi wetu huhesabu akiba na kufikiria kurudi mashambani. Na huyu alikuwa na mahali pazuri pa kurudi: Marangu ingalikuwepo, na mpaka ulikuwa wazi tangu miaka kumi na mingapi huko nyuma. Hakuna ambaye angemlaumu.

Hakuondoka. Yeye na mkewe Phillda Ragland Njau, Mmarekani Mweusi ambaye naye alikuwa amevuka bahari na kuifanya Kenya kuwa kwake, walibaki kwenye kiwanja kile kile, na wasanii na watoto wakaendelea kukusanyika hapo. Zile picha zilizoungua hazikurudi, na ingekuwa uongo kusema hasara ile ilizibwa. Lakini mlango ulifunguliwa tena.

Nadhani hapa ndipo tunapata jibu la lile swali la jirani. Mgeni, nyumba ikiungua, hurudi kwao. Mwenyeji huanza kuzoa majivu.

Jembe lako ni lipi?

Huenda unasema, "Mimi si mchoraji. Mimi ni karani," au mwalimu, au mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye baba yake amehamishwa kikazi kwa mara ya nne na hata majina ya wanafunzi wenzake hajayazoea. Makala haya ni yako hasa.

Jumapili hii, baada ya kanisa au baada ya chakula cha mchana, watoe watoto nje na karatasi na penseli. Usiwape kitabu cha kunakili. Waambie wachague kitu kimoja cha mtaani penu: mwarobaini ulio karibu na lango, kibanda cha mama mboga, nguzo ya umeme yenye viota. Wakichore asubuhi, kisha wakichore tena jua linapotua. Wataona kwamba kivuli kimehama, na kwamba mama mboga hupanga nyanya zake kwa namna ambayo hawakuwahi kuigundua ingawa hununua kwake kila siku. Si lazima picha iwe nzuri. Lililo muhimu ni kwamba jicho limetia jembe.

Kisha waulizeni wazee wa mtaa majina yalitoka wapi. Mtoto wa Kariokor afahamu kwamba jina hilo ni matamshi yetu ya jeshi la wapagazi la Vita Vikuu vya Kwanza, wale Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita visivyo vyao. Mtoto wa Nairobi ajue kwamba jina la jiji lake limetokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Mtaa ukishakuwa na hadithi hauwi tena mahali pa kulala tu.

Mkipata nauli, nendeni Murang'a mkazione picha zile. Kumbukeni kwamba hilo ni kanisa, mahali pa ibada, kwa hivyo ombeni ruhusa kwanza na msiingie kwa kelele. Simameni mbele ya picha ya kusulubiwa, kisha tokeni nje mtazame vilima. Mtaelewa mara moja kwa nini ilibidi mchoraji aje kuviona kwa macho yake mwenyewe.

Na mwisho, fungua mlango. Mwalike yule jirani wa nyumba ya pili ambaye humjui jina, hata kama ni kwa kikombe cha chai ya rangi. Ukishamkaribisha mtu ndani, umeanza kuwa mwenyeji.

Siku nyingine akikuuliza kwenu ni wapi, mtajie kijiji chako bila aibu, maana huko ndiko kitovu chako kilikozikwa. Lakini usikomee hapo. Ongeza na mtaa huu, na umweleze ni kitu gani umekitia humo kwa mkono wako. Kama bado hujatia chochote, basi siku yako ya tatu imefika. Lishike jembe.